Mgonjwa Mahututi Anahitaji Mtu wa Zamu



Katika mikutano yetu, tukifika kwenye ajenda ya afya, mazungumzo huishia kwenye bei ya dawa. Si ajabu, kwani dawa ndiyo inayomaliza mshahara wa mtu kabla ya tarehe 10. Lakini safari hii tunaomba tuzungumze jambo jingine, ambalo wengi wetu hatulifikirii mpaka siku linapobisha hodi nyumbani. Nalo ni matunzo ya mgonjwa mahututi, na mafunzo ya wale wanaopaswa kumtunza. Hapa Bujumbura chumba cha wagonjwa hao watu hukiita kwa Kifaransa, reanimasiyo. Wengi wetu tunakijua kwa mlango wake tu, maana ndugu wa mgonjwa hubaki nje kwenye benchi, ana chupa ya uji mkono mmoja, na mkono wa pili karatasi ya vitu alivyoambiwa akanunue.

Watakuwapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya madaktari wakubwa. Mchuma chai wa Teza au mpakizi wa magunia bandarini yanamhusu nini? Sisi tunasema yanamhusu yeye kuliko yanavyomhusu mwenye mali. Mwenye mali akizidiwa hupandishwa ndege akapelekwa Nairobi au India. Mfanyakazi akizidiwa atatibiwa karibu na pale alipoangukia, na watu waliopo, kwa vifaa vilivyopo. Kwa hiyo hali ya hospitali ya karibu ni sehemu ya ujira wetu, kama ilivyo nauli na posho ya nyumba.

Tuchukue mfano wa mpiga dawa katika mashamba ya pamba ya Imbo. Amebeba pampu mgongoni, hana kinyago, upepo unamrudishia dawa usoni, na shati limelowa. Dawa nyingi za kuua wadudu ni za jamii inayoitwa oganofosfeti. Sumu hiyo ikiingia mwilini kwa ngozi au kwa pumzi huvuruga kazi ya mishipa ya fahamu na misuli. Mate na jasho humtoka mtu, mboni za macho husinyaa, kifua hujaa makohozi, kisha misuli ya kupumulia hulegea. Dawa yake ipo, inaitwa atropini, wala si ya ghali. Lakini si dawa ya kuchoma sindano moja na kwenda zako. Hutolewa tena na tena, huku mtu akisikiliza kifua na kuhesabu mapigo ya moyo. Na misuli ikilegea kabisa, mgonjwa hupumuliwa kwa mashine kwa siku kadhaa mpaka sumu imwishe. Akivuka siku hizo, anaweza kurudi nyumbani kwa miguu yake na baadaye kurudi kazini. Akiachwa bila mtu kwa muda wa saa mbili tu usiku, anaweza kufa kwa kusongwa na makohozi yake mwenyewe, hali dawa ipo kabatini.

Hiyo ndiyo maana ya matunzo ya mahututi. Mara nyingi hayaponyi ugonjwa wenyewe. Yanamshikilia mtu asife wakati ugonjwa unapotibiwa. Aliyeunguzwa na mvuke kiwandani, mama aliyetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, mwendesha baiskeli aliyegongwa na lori kwenye mteremko wa Bugarama, aliyejikata na jembe akapata pepopunda, mtoto mwenye malaria iliyopanda kichwani, wote hao hukutana katika chumba hicho kimoja.

Sasa, wakubwa wengi hufikiri kwamba chumba hicho ni mashine. Akija mfadhili huleta mashine, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Baada ya miezi michache mashine imefunikwa shuka pembeni, ama kwa sababu kipuri kimekosekana, ama kwa sababu hakuna anayejua kuiendesha usiku. Hatuzikatai mashine. Sisi ni watu wa viwandani na tunajua thamani yake. Lakini kwa sababu hiyo hiyo tunajua kwamba mashine isiyo na fundi ni chuma tu. Ni nani kati yetu aliyewahi kuona kinu kikijiendesha chenyewe zamu ya usiku?

Tuangalie jinsi kazi hii ilivyoanza, maana historia yake ni ya wafanyakazi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulikumbwa na polio kali. Wagonjwa waliopooza misuli ya kupumulia na kumeza waliletwa kwa wingi katika hospitali ya Blegdam. Katika majuma matatu ya kwanza waliingia wagonjwa 31 wa namna hiyo, wakafa 27. Mashine za kupumulia za wakati ule zilikuwa chache mno. Ndipo daktari mmoja wa dawa ya usingizi, Bjørn Ibsen, alipotoa shauri la kufanya wodini kile ambacho watu wa kazi yake walikuwa wamekizoea katika chumba cha upasuaji: kuingiza mrija katika koo na kumpa mgonjwa pumzi kwa kuminya mfuko wa mpira kwa mkono. Tarehe 27 Agosti 1952 alimjaribia msichana wa miaka 12 aliyekuwa karibu kukata roho, na msichana yule hakufa.

Likabaki swali ambalo kila msimamizi wa zamu analijua. Nani ataminya mfuko huo mchana na usiku, kwa wagonjwa makumi, kwa majuma na miezi? Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, kwa jumla wapatao 1,500. Walipangwa zamu, wakalipwa, wakaketi kando ya vitanda wakiwapa watu pumzi kwa viganja vyao. Vifo vilishuka, wakawa wanaopona ni wengi kuliko wanaokufa. Desemba 1953 Ibsen huyo huyo alifungua, katika hospitali nyingine ya mji ule, chumba ambacho wengi hukihesabu kuwa cha kwanza cha namna hii duniani.

Tumekieleza kisa hicho kwa urefu kwa makusudi. Tiba hii ilianzia kwenye orodha ya zamu. Mashine nyingi zilikuja baadaye ili kupumzisha mikono. Mahali ambapo orodha ya zamu haijajaa, mashine haitasaidia kitu.

Tuje kwenye mafunzo. Daktari husoma miaka mingi apate shahada yake. Akitaka kuwa bingwa wa dawa ya usingizi, wa watoto, au wa magonjwa ya ndani, huongeza miaka mingine kadhaa. Na juu ya hapo ndipo yalipo mafunzo ya ubingwa bobezi wa wagonjwa mahututi, ambako daktari aliyekwisha kuwa bingwa hurudi tena kuwa mwanafunzi, akifanya kazi kando ya kitanda chini ya macho ya mkubwa wake. Kwa lugha yetu ya karakana, huo ni uanagenzi. Haupatikani kwa kusoma kitabu peke yake, kama vile mchomeleaji hapatikani kwa kusoma kitabu. Mwanagenzi huyo huitwa usiku wa manane, huamua, na akikosea hurekebishwa kabla kosa halijamuua mtu.

Karibu nasi mafunzo ya namna hiyo yapo. Huko Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani, walianzisha katika miaka ya 2010 mafunzo ya ubingwa bobezi wa dharura na mahututi kwa watoto. Chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, KMTC, huwafundisha wauguzi stashahada ya juu ya kuuguza mahututi. Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Muhimbili kina shahada ya uzamili kwa wauguzi wa kazi hiyo. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwa hiyo vyuo hivyo si vya ugenini kabisa, ingawa lugha ya Kiingereza huwatatiza wenzetu waliosomea Kifaransa.

Upungufu ni mkubwa. Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa dawa ya usingizi, ambao katika nchi nyingi ndio pia wakuu wa vyumba vya mahututi, limependekeza kiasi cha chini cha madaktari 5 kwa kila watu 100,000. Burundi ina watu zaidi ya milioni 12. Piga hesabu: wangehitajika 600. Nchi yetu haijakaribia hata kidogo, na sehemu kubwa ya kazi ya kuwalaza wagonjwa kwa upasuaji hufanywa na wauguzi waliofunzwa kazi hiyo. Wauguzi hao wanastahili heshima kuliko wanayopewa, na mshahara pia.

Kawaida, serikali au mfadhili humpeleka daktari mmoja nje kwa miaka miwili au mitatu. Halafu moja kati ya mambo mawili hutokea. Ama harudi, kwa kuwa huko alikokwenda wanamlipa mara nyingi zaidi. Ama anarudi, akajikuta yu peke yake, bingwa wa mchana na wa usiku, wa Jumatatu na wa Jumapili, mpaka naye achoke au aondoke.

Wako wanaotaka daktari asiyerudi afungwe kwa mkataba mkali. Hapo hatukubaliani nao moja kwa moja. Sisi watu wa sendika tutakuwa watu wa ajabu tukimfunga mfanyakazi mwenzetu kwa kamba ambayo wenyewe tuliikataa. Aliyesomeshwa kwa fedha za umma ana deni kwa umma, hilo ni kweli, na ni haki alilipe kwa miaka kadhaa ya kazi. Lakini mwajiri naye ana deni: kumpa mshahara wa kuishi, vifaa vya kazi, na wenzake wa kupokezana zamu. Mkataba unaofunga upande mmoja tu tunaujua; tumeusaini mara nyingi.

Hebu tufanye hesabu ya zamu, maana hesabu hii haiongelewi kwenye sherehe za kukata utepe. Juma lina saa 168. Mtu mmoja akifanya kazi saa 40 kwa juma, kuijaza nafasi moja mchana na usiku kunahitaji watu wanne na zaidi kidogo. Ukiweka likizo, ugonjwa na uzazi, ni watano. Chumba cha vitanda 6, muuguzi mmoja kwa vitanda viwili, kina nafasi tatu, yaani wauguzi 15. Wauguzi 15 kwa watu sita! Meneja atapiga kelele. Lakini ukiweka wanne, ujue kwamba umeamua nani atakosa mtu wa kumwangalia saa tisa za usiku, ingawa hukuliandika jina lake.

Tena si wote walio mahututi wanaofika katika chumba hicho. Mwaka 2025 jarida la udaktari la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, kwa wagonjwa karibu 20,000 waliolazwa. Mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi. Na katika hao, karibu 7 kati ya 10 walikuwa katika wodi za kawaida. Mmoja katika kila watano alikufa ndani ya siku saba. Zaidi ya nusu hawakupata matunzo ya msingi kabisa, kama vile oksijeni kwa anayeshindwa kupumua, maji ya mshipani kwa ambaye damu yake imeshuka nguvu, au kumlaza ubavu asiyejitambua ili njia ya hewa isizibe.

Someni tena hilo la mwisho, ndugu. Kumlaza mtu ubavu. Hakuna nchi isiyoweza kulinunua hilo.

Kwa sababu hiyo sisi tunasema hivi: tukiambiwa tuchague kati ya bingwa mmoja wa ng'ambo na wauguzi wengi wa wodini waliofundishwa kumtambua anayezidiwa na kumsaidia mara moja, tutaanza na wauguzi. Bingwa tunamtaka pia, na kazi yake ya kwanza iwe kuwafundisha hao. Muhimbili walilijaribu jambo linalofanana na hili. Katika chumba cha mahututi waliweka utaratibu mwepesi: pima pumzi, mapigo, shinikizo la damu na oksijeni, kipimo kikivuka mpaka uliowekwa, fanya hili na hili papo hapo, usisubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kwa wagonjwa walioingia na shinikizo la damu lililoshuka, vifo vilipungua kutoka 92 hadi 69 katika kila 100. Bado ni vingi mno, na hatutaki mtu avipambe. Lakini hao 23 waliokolewa kwa karatasi, kalamu, na muuguzi aliyepewa ruhusa ya kutenda.

Wala si lazima tuvuke mipaka kutafuta mfano. Hapo Kabezi, kusini ya Bujumbura, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua kituo cha dharura za uzazi mwaka 2006. Vituo tisa vya uzazi viliunganishwa nacho kwa ambulansi. Tangu kituo kiombe gari mpaka mama afike, muda wa kawaida ulikuwa dakika 78, na gharama ilikuwa yuro 61 kwa kila mama aliyebebwa. Watafiti walikadiria kwamba katika mwaka 2011 vifo vya uzazi katika wilaya ile vilipungua kwa asilimia 74. Barabara za milima ile mnazijua. Kama gari liliweza kufika kwa mama wa Kabezi, tusiambiwe kwamba haliwezi kufika kwa mkata miwa wa Moso au mchuma chai wa Rwegura. Lililo gumu ni kwamba fedha zilitoka nje, na wageni wakifunga mizigo yao, gari hubaki likisubiri mafuta. Kwa uhaba wa mafuta tulioupata miaka ya karibuni, hatuhitaji kueleza zaidi.

Kuna hoja moja yenye uzito, nayo tuijibu. Husemwa kwamba nchi maskini ishughulikie kwanza maji safi, vyandarua na chanjo, ndipo ifikirie mahututi. Maji na chanjo vitangulie, sawa. Lakini aliyekwisha kuzidiwa yupo leo, hospitalini, na amekwisha kulazwa. Swali ni kama atatazamwa au hatatazamwa. Oksijeni, mashine ndogo ya kufyonza makohozi, kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni, na muuguzi anayejua la kufanya, hivyo si anasa ya Ulaya. Janga la korona lilipofika nchini mwaka 2020, ndivyo vitu vile vile vilivyotakiwa. Oksijeni nayo haiji bila umeme au mitungi, kwa hiyo hospitali isiyo na jenereta yenye mafuta haina oksijeni, hata ukutani pakiandikwa nini.

Nani atalipa? Tarehe 1 Mei 2006, siku yetu wenyewe, Rais Nkurunziza alitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa kina mama wanaojifungua. Utekelezaji ulileta msongamano na malalamiko, lakini ulionyesha kwamba serikali ikitaka inaweza. Mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa juu ya wagonjwa waliozuiliwa katika hospitali za Burundi kwa kushindwa kulipa. Watumishi wa serikali wana mfuko wao wa matibabu, uliowekwa tangu mwaka 1980. INSS iliundwa kwa pensheni na ajali za kazini. Mfanyakazi wa kiwanda aliyeugua homa ya mapafu nyumbani kwake, wala si ajali ya kazini, hutegemea moyo wa mwajiri na mchango wa majirani. Na kitanda cha mahututi ndicho kinachokula fedha kuliko vyote. Siku tano tu zinaweza kuuza shamba la familia.

Hili basi ni jambo la mkataba wa pamoja, wala si la kuomba huruma. Kila mwajiri mwenye zahanati aonyeshe ni nani yupo kazini usiku na amefundishwa nini. Anayenunua dawa za kuua wadudu anunue pia atropini, vinyago na nguo za kinga, tena kabla ya msimu, si baada ya mtu kuanguka. Katika majadiliano ya bima, wajumbe wasikubali maneno "matibabu ya kawaida" bila kuuliza kama siku za mahututi na ambulansi zimo ndani yake, maana mara nyingi ndizo zinazoachwa nje. Kwa upande wa serikali, tunataka nafasi za masomo kwa wauguzi wa mahututi, na kila anayepelekwa Nairobi au Dar es Salaam apelekwe pamoja na wenzake wawili watatu wa hospitali yake, ili warudi wakiwa kikosi. Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kamenge, ya Prince Régent Charles na ya Kijeshi ziko katika mji mmoja. Hatuoni kwa nini wauguzi wake wasifundishwe kwa zamu, pamoja, hapa hapa Bujumbura.

Vyama vya waganga na wauguzi vikidai watu zaidi wa zamu ya usiku, sisi tusimame nao. Wakigoma, usemi wa kwamba wanawaua wagonjwa utasambaa upesi, hata ndani ya viwanda vyetu. Kabla ya kuurudia, mtu aulize kwanza usiku wa kawaida, usio na mgomo, wodi ile huwa na wauguzi wangapi.

Tunawaomba wajumbe wa kila tawi waende kwenye zahanati ya kampuni yao, na kwenye hospitali ambako wenzao hupelekwa wakizidiwa, wakaulize mambo manne: kama kuna kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinachofanya kazi, kama oksijeni ipo umeme ukikatika, nani yupo saa tisa za usiku, na gari huitwa kwa namba gani, na nani hulipa mafuta yake. Majibu yaandikwe kwa kalamu, yatiwe tarehe, yaletwe ofisini kwetu. Tutayachapa katika kurasa hizi, tawi kwa tawi, pamoja na yale ya waliokataa kujibu.